Mwongozo Kamili: Kuzima Nyimbo za Matusi kwenye Mechi za Mtaa, Mombasa

Kila msimu wa mashindano ya mitaa, Likoni hadi Kisauni, kamati hukwama pale pale. Wimbo wa matusi unaanza, mwenyekiti anashika kipaza sauti na kufoka, "Nyinyi mnaotukana, tunawaona!" Upande ule unaimba kwa nguvu zaidi, na mara jina la mwenyekiti nalo limeingizwa kwenye wimbo. Faini inatangazwa lakini hailipwi. Wiki ifuatayo mambo ni yale yale.

Shida ni kwamba kazi inaanza wimbo ukishaanza. Inapaswa kuanza wiki mbili kabla, na wa kuzungumza naye ni mpiga ngoma. Kikundi cha watu mia mbili hakiwezi kuimba pamoja bila mdundo.

Mwongozo huu ni wa kamati za mashindano na viongozi wa timu za mtaa na za ligi za chini. Umeandikwa ukifikiria uwanja usio na ukuta wala viti, watazamaji wakisimama hadi kwenye chokaa, maana ndivyo viwanja vyetu vingi vilivyo.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Kanuni za nidhamu za mashabiki, ukurasa mmoja, zilizotiwa sahihi na kila timu.
- Amana ya shilingi 5,000 kwa kila timu, mkononi mwa mweka hazina kabla ya mechi ya kwanza.
- Wasimamizi wa uwanja: mmoja kwa kila watazamaji 100. Mechi ya watani wa jadi, mmoja kwa kila 50.
- Jaketi za riflekta za rangi moja. Msikodi zile za bodaboda, kwa sababu wanabodaboda nao watakuwa uwanjani na hamtajua nani ni nani.
- Kamba ya mita 400 na vigingi 80 hivi vya kuzunguka uwanja, kila kigingi mita 5 kutoka kwa mwenzake.
- Kipaza sauti cha mkononi kimoja, na betri za akiba.
- Daftari, kalamu mbili, saa, na simu moja ya kurekodi video.
- Barua kwa mkuu wa kituo cha polisi cha karibu (OCS) na nakala kwa chifu, zipelekwe siku 7 kabla. Chukueni nakala iliyogongwa muhuri.

Ikiwa pesa ni kidogo, acheni kununua kipaza sauti kwanza. Amana na wasimamizi ndio mhimili.

## Hatua ya 1: Tenganisheni utani na tusi

Kamati ikipiga marufuku kila neno baya, hakuna atakayeitii, kwa sababu mpira bila kejeli haujawahi kuwa mpira hapa Pwani. Wekeni madaraja matatu.

Daraja la kwanza, utani. Kumcheka kipa aliyefungwa kizembe, kubeza jezi zilizopauka, kuuliza kama beki alikuja kutembea tu. Ruhusuni. "Refa mwizi" ni neno bovu, lakini mkisimamisha mechi kwa ajili yake hamtamaliza hata mechi moja msimu mzima. Liacheni hapa.

Daraja la pili, matusi ya nguoni. Kutaja viungo vya siri, kumtukania mtu mama yake, kumwandama mchezaji mmoja kwa maumbile yake. Mechi za wasichana zinaumia zaidi hapa: wimbo unaohusu mwili wa mchezaji wa kike uhesabiwe daraja la pili hata kama hauna neno moja chafu.

Daraja la tatu, chuki na vitisho. Kabila, dini, rangi, asili ya mtu, ulemavu, ualbino. Nyimbo zote za "rudini kwenu" ziko hapa, ziwe zinawalenga wabara, Wamijikenda, Waarabu au mtu mwingine yeyote. Mji huu unaikumbuka Likoni ya Agosti 1997, kwa hiyo asije mtu akasema ni mzaha. Pia wekeni hapa wimbo wa kumwita mzee fulani mchawi kwa jina lake. Jirani zetu Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma za aina hiyo.

Daraja la tatu lina sheria ya nchi nyuma yake. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 kinaadhibu maneno ya chuki ya kikabila kwa faini isiyozidi shilingi milioni 1, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Iandikeni kwenye kanuni. Msiitangaze kwenye kipaza sauti katikati ya mechi: kuutisha umati kwa jela huufanya uwajaribu.

*Mmefaulu ikiwa:* kiongozi yeyote wa mashabiki, akisomewa nyimbo tano, anaweza kuziweka kwenye madaraja sawasawa bila kusaidiwa.

## Hatua ya 2: Kanuni na amana

Refa hana kadi ya kumpa shabiki. Sheria ya 12 ya mchezo inamruhusu kumtoa kwa kadi nyekundu mchezaji au afisa wa timu anayetukana, na Sheria ya 5 inamruhusu kusimamisha au kuvunja mechi watu wa nje wakiivuruga. Zaidi ya hapo ni kazi ya waandaaji. Ndiyo maana timu ndiyo inayobanwa kwa niaba ya mashabiki wake.

Mpango unaotekelezeka ni huu:

- Kosa la kwanza la daraja la pili: onyo la maandishi na shilingi 1,000 kutoka kwenye amana.
- La pili: shilingi 2,000, na mwimbishaji anakaa nje mechi mbili.
- La tatu: amana iliyobaki inakwisha na timu inapoteza pointi 3.
- Daraja la tatu: pointi 3 mara moja, hata likiwa kosa la kwanza.
- Amana iliyopungua ijazwe kabla ya mechi ijayo. Isipojazwa, timu haipangiwi.

Kwenye mashindano ya mtoano hakuna pointi za kukata. Andikeni badala yake kwamba timu ambayo mashabiki wake wamesababisha mechi kuvunjwa inapoteza kwa mabao 3-0, au kwa matokeo ya uwanjani ikiwa ilikuwa nyuma kwa zaidi ya hapo.

Hicho kipengele cha 3-0 msikisahau. Bila hicho, timu inayofungwa 2-0 dakika ya 80 itagundua kwamba njia rahisi ya kupata mechi ya marudio ni kuimba hadi refa avunje. Mtakuwa mmewapa silaha.

Hatari nyingine ni fitina: mashabiki wa timu pinzani wanavaa jezi zenu na kutukana. Kanuni iseme hakuna adhabu bila ushahidi wa aina mbili, ripoti ya kamishna wa mechi (afisa anayeisimamia kwa niaba ya waandaaji) na video, au kamishna na refa. Iseme pia kwamba timu ambayo viongozi wake walijaribu kuzima wimbo papo hapo inapunguziwa adhabu nusu. Hapo viongozi watakuwa na sababu ya kuinuka kwenye viti.

*Mmefaulu ikiwa:* sahihi zote zipo na pesa zote zipo. Timu inayoahidi kulipa amana "wiki ijayo" isiingizwe kwenye ratiba.

## Hatua ya 3: Mwimbishaji na wapiga ngoma

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Tengeni siku mbili au tatu kwa kila timu.

Wimbo wa uwanjani una watu wa aina tatu. Kuna mwimbishaji, anayetoa mstari wa kwanza. Kuna wapiga ngoma, kwa kawaida watatu au wanne. Halafu kuna waitikiaji, ambao ni umati mzima, na wengi wao huitikia bila kufikiri wanasema nini. Waitikiaji hamwezi kuwashughulikia, ni wengi mno. Wale wa mwanzo hawazidi watano, na kila mtaa unawajua kwa majina.

Wafuateni maskani. Msiwaite ofisini kwa chifu. Mkiwaita huko watakuja wakiwa wamenuna, au hawatakuja kabisa, na mtakuwa mmeshawafanya wahalifu kabla hawajakosa. Nendeni baada ya Alasiri, wakati vijana wameketi.

Aende mtu ambaye mwimbishaji anamheshimu. Kocha aliyemlea, mjomba, mchezaji wa zamani wa mtaa ule. Mwenyekiti wa mashindano asiende peke yake, hasa kama ni wa mtaa mwingine.

Ongeeni na wapiga ngoma wote. Kosa la kawaida ni kuzungumza na mwenye ngoma kubwa tu. Siku ya mechi yeye anabadilisha, wenzake wawili wanaendelea na mdundo wa zamani, na wimbo hauzimiki.

Kubalianeni ishara moja. Msimamizi aliye mbele yao akiinua mikono miwili juu, ngoma zote zinahamia mdundo mwingine uliopangwa. Chakacha unafaa sana: kila mtu anaujua, mikono inapiga makofi yenyewe, na maneno ya wimbo wa zamani hayakai juu yake. Ndani ya nusu dakika waitikiaji wanapotea njia, wanacheka, na wimbo umekufa.

Msiwaambie wanyamaze. Ngoma zikikatika ghafla sauti za watu ndizo zinazobaki, na tusi lililokuwa limefunikwa na kelele sasa linasikika hadi msikitini.

Waacheni watunge nyimbo mbadala wenyewe. Nyimbo zilizotungwa na kamati haziimbwi na mtu. Waombeni tano mpya za mafumbo, na kazi ya kamati iwe kuzisikiliza tu. Mfano wa kiwango kinachofaa:

- "Beki wenu mlango wazi, hata kuku wapita!"
- "Mmekuja na matatu, mtarudi na machozi!"
- "Nyavu zimechanika, iteni fundi cherehani!"

Kejeli ya fumbo inamuuma mpinzani kuliko tusi, na mwimbishaji mwenye kipaji anajua. Msifieni kwa hilo. Mara nyingi alitukana kwa sababu mashairi yalimwishia.

Msiwalipe pesa taslimu kwa kila mechi. Mkianza, wiki ya tatu watadai nyongeza, na wiki ya nne watatukana kuonyesha kwamba mkono ulichelewa. Wapeni kisichobadilika: kuingia bure, mahali penye kivuli, na katoni moja ya maji.

*Mmefaulu ikiwa:* mmejaribu ishara mara tatu maskani na ngoma zote zimebadilika ndani ya mapigo machache.

## Hatua ya 4: Pangeni uwanja na saa

Kamba iwe mita 3 nje ya mstari wa pembeni, na nyuma ya kila goli mita 5 hadi 6, bila kuruhusu kikundi chochote kukaa hapo. Kipa hana pa kukimbilia. Anasimama dakika 45 akisikia kila neno, na wenye kutukana wanajua. Mshika kibendera naye yuko hivyo hivyo, basi ngoma zisikae mkabala na njia anayokimbia.

Mashabiki wa timu mbili wakae pande tofauti za uwanja. Ikilazimu wawe upande mmoja, acheni mita 20 katikati na wekeni humo wachuuzi wa viazi karai, mabuyu na maji, pamoja na wasimamizi wawili.

Wakaribisheni akina mama wa mtaa, muwatandikie mikeka au muwape viti karibu na ngoma. Kijana huona vigumu kumtukania mwenzake mama ilhali mamake mwenyewe yuko hatua kumi nyuma yake.

Watoto wadogo wanaokaa mbele huitikia chochote. Wapeni kazi ya kuokota mipira, au wahamishieni upande wa meza ya kamati.

Saa nayo ina mchango wake. Mechi ianze saa kumi na robo, watu wakiwa wameshaswali Alasiri. Dakika 90 na mapumziko ya 15 zinawafikisha saa kumi na mbili, na jua huzama muda mfupi baada ya hapo. Giza likiingia nyuso hazionekani, na asiyeonekana hana haya. Mawe pia huanza saa hizo. Kwa hiyo kwenye mtoano rukeni dakika 30 za nyongeza, nendeni penalti moja kwa moja. Sheria za mchezo zinaruhusu mradi kanuni za mashindano zilisema mapema. Mkitarajia mechi kali, kubalianeni kabla ya kuanza kwamba kila kipindi ni dakika 40, ili mkisimama dakika 10 msikimbizane na giza.

Mambo mawili mafupi. Refa atoke kaunti ndogo isiyo ya timu yoyote kati ya hizo mbili, na alipwe kabla ya mechi. Na zuieni kuwekeana pesa kandokando ya uwanja. Aliyeweka shilingi 2,000 hatanii tena.

*Mmefaulu ikiwa:* dakika 30 kabla ya mechi kamba imekaza, nyuma ya magoli ni wazi, na kila kikundi kiko mahali pake.

## Hatua ya 5: Msafara

Wimbo wa matusi hauzaliwi uwanjani. Unazaliwa ndani ya matatu, au kwenye feri kwa mashabiki wanaovuka kutoka Likoni, na unafika ukiwa umeshakolea. Kila gari lililokodiwa lipande kiongozi mmoja wa timu, na dereva aambiwe kwamba atalipwa nusu iliyobaki msafara ukifika salama. Anayepanda na mnazi kwenye chupa ya soda ashuke kabla gari halijaondoka.

Gari lisimame mita 200 kutoka uwanjani, watu watembee. Mwendo huo unapunguza jazba, na unawapa wasimamizi nafasi ya kuona nani amelewa.

## Hatua ya 6: Wimbo ukianza

Fuateni mpangilio huu, na msiruke kitu.

1. Sekunde 0 hadi 15. Msimamizi anasikiliza. Neno moja la mtu mmoja si wimbo. Likiitikiwa mara mbili, ni wimbo.
2. Sekunde 15 hadi 30. Mikono miwili juu. Ngoma zinabadilika. Mara nyingi mambo yanaishia hapa.
3. Hadi dakika 1. Hazijabadilika? Kiongozi wa timu husika anaenda mwenyewe kwa mwimbishaji, anainama sikioni: "Kaka, tunapoteza pointi. Badilisha." Asimshike mkono wala asimnyooshee kidole mbele za watu, maana akimvunjia heshima hadharani, kijana ataimba hadi koo ikauke.
4. Baada ya dakika 1, au papo hapo kama ni daraja la tatu. Kamishna anamjulisha mwamuzi wa nne, au mshika kibendera kama hakuna wa nne, mpira ukitoka nje.

Wakati huu wote mwandishi anaandika dakika ya mchezo, upande wa uwanja, idadi ya watu kwa makadirio, na maneno yenyewe. "Walitukana" si ripoti. Kikao hakiwezi kuamua daraja bila maneno.

Polisi wakiwepo wabaki nyuma. Askari akiingia katikati ya mashabiki kwa sababu ya wimbo, mtakuwa na ghasia. Waiteni kwa mawe, silaha au mapigano.

## Hatua ya 7: Refa na hatua tatu

Utaratibu wa FIFA dhidi ya ubaguzi una hatua tatu, na unafaa hata kwenye uwanja wa vumbi.

Kusimamisha. Refa anasimamisha mchezo, tangazo linatolewa. Litolewe na mtu mwenye sauti tulivu, kwa maneno machache: "Jamani, mchezo umesimama kwa sababu ya wimbo upande wa mwembeni. Ukikoma, tunaendelea. Ukirudiwa, timu zinatoka." Msitaje timu, msitaje kabila, na msirudie lile neno. Semeni mara mbili, nyamazeni.

Kutoa timu. Ukirudiwa, timu zinatoka kwa dakika 5 hadi 10 na kukaa karibu na meza ya kamati. Manahodha wote wawili waende pamoja kuwasihi mashabiki wa upande husika. Nahodha akienda peke yake upande wa wapinzani ni uchokozi.

Kuvunja. Ni uamuzi wa refa, baada ya kushauriana na kamishna. Kabla ya kipenga cha mwisho hakikisheni timu ya wageni na refa wako karibu na njia ya kutokea, na gari limeshawashwa. Tangazeni baada ya wao kuondoka. Kamati nyingi hutangaza kwanza, kisha zinaanza kutafuta pa kumpitishia refa.

Wafundisheni manahodha ishara ambayo FIFA iliidhinisha 2024: mchezaji anayebaguliwa anapishanisha mikono kwenye vifundo, mmoja juu ya mwingine, refa anaelewa na kuanza hatua ya kwanza. Inamfaa mchezaji ambaye angejibu kwa ngumi.

*Mmefaulu ikiwa:* mechi imeisha. Hatua ya kwanza ikitumika mara moja kwenye mechi, hilo si aibu ya kamati.

## Hatua ya 8: Kikao ndani ya saa 72

Mkichelewa zaidi ya hapo, kila mtaa utakuwa na hadithi yake. Wakae watu watatu au watano, asiwepo anayetoka kwenye timu zinazohusika. Timu isikilizwe kwanza, video ionyeshwe, uamuzi uandikwe aya moja: nani, dakika gani, daraja gani, adhabu gani. Utumwe kwenye makundi ya WhatsApp ya viongozi wote kwa wakati mmoja.

Video isisambazwe. Ina nyuso za watoto, na ikienea inawapa sifa wale wale mnaotaka kuwanyima.

Mwimbishaji aliyefungiwa mechi mbili msimwache hivi hivi, kwa sababu atasimama juu ya ukuta wa jirani na kuimba kutoka huko. Aketi kwenye meza ya kamati, avae riflekta, asaidie kuandika ripoti ya upande wake.

Msimu ukiisha, rudisheni amana iliyobaki mbele ya mashabiki, siku ya fainali, kiasi kikitajwa timu kwa timu. Timu iliyorudishiwa shilingi 5,000 zake zote ipewe kwanza kuchagua upande wenye kivuli msimu ujao.